Swali la Aljebra Likikaa Fungu Lisilo Lake: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Swali zuri la aljebra linaweza kukaa wiki nzima bila jibu ingawa si gumu. Limewekwa mahali ambapo mtu anayeweza kulijibu hapiti. Hutokea kwenye tovuti kubwa za maswali na majibu ya hisabati, kwenye benki ya maswali ya idara shuleni, na hata kwenye kundi la WhatsApp ambalo mwanafunzi mmoja mwenye bidii amejitolea kupanga picha za maswali kwa mada. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa kazi hiyo ya kupanga na anayeona mambo hayaendi.

Karibu kila kinachofuata kinatoka kwenye kanuni moja: swali hupangwa kwa njia inayolitatua na kwa mahali muulizaji alipokwama. Maneno yaliyomo na sura ya alama zake vinaweza kukudokezea, lakini visikuamulie.

Swali moja limepata majibu ya ngazi tatu tofauti

Hii ndiyo dalili inayoonekana mapema zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili ameuliza, mmoja amemjibu vizuri, wa pili ameleta matriki, wa tatu ameanza na "tuchukue kundi lolote G". Muulizaji harudi tena.

Chanzo mara nyingi ni lebo iliyoandikwa "aljebra" basi. Chukua mlinganyo huu mfupi: x² = 1. Kama x ni namba ya kawaida, majibu ni mawili, 1 na −1, na hilo ni swali la sekondari. Kama tunafanya hesabu za baki, yaani kila namba tunaigawanya kwa 8 na kubakiza kile kinachosalia, majibu ni manne: 1, 3, 5 na 7. Jaribu mwenyewe: 3 × 3 ni 9, baki 1, 5 × 5 ni 25, baki 1, 7 × 7 ni 49, baki 1. Kama x ni matriki ya safu mbili kwa mbili, majibu hayana mwisho. Weka safu ya juu 1 na a, safu ya chini 0 na −1, kisha izidishe kwa yenyewe: utapata matriki ya utambulisho, ambayo kwa matriki ndiyo 1, kwa a yoyote utakayoichagua.

Alama ni zilezile, lakini maswali ni matatu na yana wajibuji watatu tofauti. Kwa hiyo kabla ya kuweka lebo, jiulize jambo moja: herufi iliyomo inasimama badala ya nini? Ikiwa inasimama badala ya namba tusiyoijua, hiyo ni aljebra ya shule. Ikiwa inasimama badala ya vekta au matriki, na hoja ni kuhusu mifumo ya milinganyo ya mstari au nafasi za vekta, hiyo ni aljebra ya mstari. Ikiwa swali halijali vitu vyenyewe ni nini bali sheria za kuviunganisha, yaani makundi, ringi na jamaa zao, hiyo ni aljebra dhahania.

Wataalamu wenyewe waliacha zamani kutumia fungu moja pana. Katika mpangilio wa mada za hisabati wa mwaka 2020, unaotumiwa na majarida ya utafiti duniani, hakuna fungu kuu linaloitwa "Aljebra" peke yake. Namba 12 ni ya fildi na polinomia, 13 ni ya ringi ambazo mpangilio wa kuzidisha haubadilishi jibu, 15 ni ya aljebra ya mstari na matriki, 20 ni ya makundi. Tovuti ya Mathematics Stack Exchange nayo imetenga aljebra ya shule, ya mstari na ya dhahania kwa lebo tatu tofauti. Ukipanga benki ya shule hauhitaji mafungu yote hayo, lakini lebo ya "aljebra" tupu ifute hata kama una maswali hamsini tu. Haimwelekezi mtu popote.

Swali lilelile linaulizwa tena na tena, na hakuna anayeliona la mwanzo

Hapa chanzo ni kupanga kwa mavazi ya swali. Fungu la "kuku na mbuzi", fungu la "umri", fungu la "nauli na tiketi", fungu la "mashamba". Kwa aliyeyapanga yanaonekana yamenyooka, kumbe amewatenganisha ndugu na kuwakusanya wageni.

Angalia. Boma lina kuku na mbuzi, vichwa 30, miguu 86. Ukumbi umeuza tiketi 30, za watoto shilingi 2,000 na za wakubwa shilingi 4,000, zikapatikana shilingi 86,000. Swali la kwanza jibu lake ni kuku 17 na mbuzi 13. La pili ni watoto 17 na wakubwa 13. Ni mfumo mmoja wa milinganyo miwili, umebadilishiwa kanga tu. Aliyeelewa la kuku amelimaliza la tiketi, na yakikaa mafungu mawili hatajua.

Kinyume chake pia hutokea, na kinaumiza zaidi. Urefu wa mstatili umezidi upana kwa mita 3, mzingo ni mita 26, tafuta vipimo. Halafu: urefu wa mstatili umezidi upana kwa mita 3, eneo ni mita za mraba 40, tafuta vipimo. Mstatili ni uleule, upana 5 na urefu 8, na sentensi zinafanana karibu neno kwa neno. Lakini la mzingo ni mlinganyo wa daraja la kwanza ambao mtoto wa darasa la saba analiweza, na la eneo linakupeleka kwenye kwadratiki, yaani mlinganyo wa daraja la pili: zidisha upana w kwa w + 3, upate 40, kisha utafute vigawo. Ukiyaweka pamoja chini ya "mistatili", mwanafunzi ambaye hajafika kwenye kwadratiki atafungua la pili, atashindwa, na ataamini tatizo ni yeye.

Marekebisho: andika mlinganyo kwanza, ndipo uweke lebo. Kazi hii haina njia ya mkato. Mpangaji asiyeandika mlinganyo wa swali la maneno anapanga hadithi, si hisabati. Ukipenda, acha lebo ya pili ya mavazi (umri, mwendo, mchanganyiko), kwa sababu wanafunzi hutafuta kwa maneno hayo. Ya kwanza lakini iwe ya mlinganyo.

Kuna aina moja ya swali la maneno ambayo nataka kuikalia kidogo, kwa kuwa kwetu huulizwa sana: mirathi. Mtu amefariki ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na shilingi milioni 24. Kwa sheria ya Kiislamu mke aliyeachwa pamoja na watoto hupata thumuni, yaani milioni 3. Zinabaki milioni 21, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike: 2x + x = 21, hivyo milioni 7 kwa wa kike na 14 kwa wa kiume. Swali hili liende wapi? Angalia alipokwama. Anayeuliza kwa nini mke ni thumuni na si robo, swali lake ni la fikihi, yaani elimu ya sheria ya dini, na lebo yoyote ya aljebra itamletea watu wasiomfaa. Anayejua kila mrithi hupata sehemu gani ila ameshindwa kugawa zile 21, huyo ni wa mlinganyo wa daraja la kwanza. Maandishi ya maswali hayo mawili yanaweza kuwa mamoja kabisa hadi mstari wa mwisho. Na hesabu hizi si wageni katika aljebra: sehemu kubwa ya kitabu cha aljebra cha mwanahisabati al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, ni maswali ya wasia na mirathi.

Umetenga mafungu mengi, na mengi yana swali moja moja

Al-Khwarizmi huyohuyo ndiye mfano bora ninaoujua wa kupanga maswali ya aljebra. Aligawa milinganyo yote ya hadi daraja la pili katika aina sita. Kwa maandishi ya leo: x² = bx, x² = c, bx = c, x² + bx = c, x² + c = bx, na bx + c = x². Kwa kila moja ya tatu za mwisho alitoa mfano ambao hadi leo hurudiwa: x² + 10x = 39, x² + 21 = 10x, na 3x + 4 = x². Kwa nini sita? Kwa sababu hakukubali namba hasi isimame peke yake upande mmoja wa mlinganyo, hivyo kila sura ilihitaji utaratibu wake na mchoro wake wa kuthibitisha. Mwanahisabati Omar Khayyam, alipoingiza daraja la tatu baadaye, alifika aina 25, na 14 kati yake zilihitaji kukatisha mikunjo ya koni (mistari ya kupinda inayopatikana ukiikata koni) ili zitatuliwe.

Mafungu hayo yalikuwa sahihi kabisa kwa zana za wakati wao. Mara namba hasi zilipokubaliwa, aina tatu za mwisho za al-Khwarizmi ziliingia katika fomula moja. Hapo ndipo mafungu yanapotakiwa kuunganishwa: njia ikiwa moja, fungu liwe moja. Ukikuta benki yako ina "kwadratiki zenye alama ya kutoa" na "kwadratiki zenye alama ya kujumlisha", ziunganishe leo.

Lakini usiunganishe kila kitu. Mlinganyo kama x² = 5x ningeuacha na lebo yake, ingawa fomula ya kwadratiki inaumaliza. Sababu ni kosa linaloambatana nao: mwanafunzi anagawa pande zote kwa x, anapata 5, na jibu la 0 limepotea. Kosa hilo halitokei kwenye x² + 10x = 39. Wanaokwama hapo wamekwama kwenye kugawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri, na wanafaa kukutana na wenzao waliokwama palepale, pamoja na zile "thibitisho" zinazoonyesha kwamba 1 ni sawa na 2. Chanzo chao ni kimoja.

Muulizaji anasema kitabu kimekosea

Maneno haya yakitokea kwenye swali, karibu kila mara lebo ya mada inayoonekana si lebo inayohitajika. Sura zake ni nyingi. Hizi tatu ndizo hurudi zaidi.

"Nimepata majibu mawili, kitabu kina moja." Mfano: kipeuo cha pili cha x + 6 ni sawa na x. Anaweka kipeo cha pili pande zote, anapata x² − x − 6 = 0, majibu 3 na −2. Ukirudisha −2 kwenye swali la mwanzo, upande wa kushoto ni 2 na wa kulia ni −2, haviendani. Kazi ya kwadratiki ameifanya bila kosa, kwa hiyo lebo ya kwadratiki itamletea watu watakaomwambia "uko sawa". Lebo yake ni majibu bandia, na ya pili ni vipeuo.

"Kitabu kimetoa mlinganyo mmoja, lakini visivyojulikana ni viwili." Kalamu ni shilingi 300, daftari shilingi 500, zimetumika shilingi 3,100 zote, zilinunuliwa ngapi ngapi? Mwanafunzi anangoja mlinganyo wa pili ambao hauji. Sharti lililojificha ni kwamba kalamu hainunuliwi nusu. Ukitafuta namba kamili zisizo hasi tu zinazotosheleza 3x + 5y = 31, unapata kalamu 2 na daftari 5, au kalamu 7 na daftari 2, basi. Swali hili ni la nadharia ya namba, katika milinganyo inayoitwa kwa jina la Diofanto wa Aleksandria. Popote uonapo "namba kamili" pamoja na visivyojulikana vilivyozidi milinganyo, simama kabla ya kuandika aljebra.

Ya tatu: "kikokotoo kinatoa jibu jingine." Hapo mara nyingi hakuna aljebra kabisa. Tuliofundishwa MAGAZIJUTO tunakumbuka mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anayeisoma herufi kwa herufi atafanya 10 − 4 + 3 kwa kujumlisha kwanza, apate 3. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Swali kama 8 ÷ 2(2 + 2), ambalo huzunguka mitandaoni kila mwaka na kugombanisha watu kati ya 16 na 1, ni swali la uandishi wenye utata, wala halihitaji mtaalamu wa chochote. Weka lebo ya mpangilio wa matendo. Angalia pia jinsi muulizaji alivyochapa: 1/2x kwenye simu inaweza kuwa nusu ya x au moja kugawanya kwa 2x, na haya ni maswali mawili tofauti. Usikisie, mwombe aweke mabano.

Lebo mbili zinagombea swali moja

Mfano mzuri ni 4ˣ − 5·2ˣ + 4 = 0. Je, ni la vipeo au la kwadratiki? Ukiita 2ˣ kwa herufi y, unapata y² − 5y + 4 = 0, y ni 1 au 4, na x ni 0 au 2. Njia zote mbili zimetumika, basi weka lebo zote mbili, ila ya kwanza iamuliwe na kazi aliyoionyesha. Aliyeshindwa kuona kwamba 4ˣ ni kipeo cha pili cha 2ˣ, ni wa vipeo. Aliyefika kwenye y akasimama, ni wa kwadratiki. Aliyepata y akasahau kurudi kwenye x, ni wa kubadilisha herufi, fungu ambalo benki nyingi hazina na zinalihitaji sana.

Ugomvi wa pili ni wa ngazi. "Namba mbili zinajumlika kuwa 10, zao lao kubwa kabisa ni ngapi?" Kwa kukamilisha mraba, x(10 − x) ni 25 kasoro kipeo cha pili cha x − 5, kwa hiyo haliwezi kuzidi 25. Kwa kalkulasi, ambayo ni ya ngazi za juu, ni mistari miwili. Ukiweka lebo ya kalkulasi kwenye swali la mtoto wa kidato cha pili, jibu litakuwa sahihi na halitamfaa kwa lolote. Lebo ya ngazi ya masomo nadhani ni ya lazima kwenye maswali ya kutafuta kikubwa na kidogo, hata kwa wale wasiopenda lebo za ngazi.

Matriki husumbua vilevile. Mwanafunzi wa sekondari anayetatua milinganyo miwili kwa matriki ya mbili kwa mbili hajaingia bado kwenye aljebra ya mstari ya chuo. Lebo ya "matriki" inamtosha.

Na kuna swali ambalo ugomvi wake ni wa kweli, kwa kuwa neno moja tu linalihamisha: x⁵ − x − 1 = 0. "Tafuta x kwa desimali nne" ni swali la makadirio, na jibu ni 1.1673. "Nipe fomula ya x kwa vipeuo" au "kwa nini haipo fomula" ni swali la aljebra dhahania, kwa sababu mwanahisabati Abel alithibitisha mwaka 1824 kwamba daraja la tano halina fomula ya jumla ya aina hiyo, na kazi ya mwanahisabati Galois, iliyochapishwa mwaka 1846 baada ya kifo chake, ndiyo inayotuonyesha mlinganyo gani hasa unakataa. Huu ni mmoja wa inayokataa. Swali likisema "tatua" tu, huwezi kulipanga. Rudisha kwa mwenyewe.

Lebo zimejaa na bado hakuna jibu

Mathematics Stack Exchange huruhusu lebo tano kwa swali, na watu wengi hujaza zote tano wakidhani wanaongeza nafasi ya kujibiwa. Aljebra, polinomia, kwadratiki, milinganyo, vigawo: hizo zote zinaelekeza kwa mtu yuleyule. Ondoa moja moja, na kila unapoondoa jiulize ni mjibuji gani ambaye sasa hataliona swali hili. Ukikosa wa kumtaja, iache imeondoka. Maswali ya shule mara nyingi hubaki na mbili, na nadra yakazidi tatu.

Swali halipangiki

Picha ya ukurasa imetumwa, kichwa kinasema "naomba msaada wa hesabu", hakuna neno jingine. Usiliwekee lebo ya mada kwa kubahatisha, maana lebo ya kubahatisha humficha muulizaji kuliko kukosa lebo. Liweke kwenye fungu la yanayosubiri maelezo, kisha mwandikie ombi moja linaloeleweka: anakili mstari wa mwisho aliokuwa na uhakika nao, na chini yake mstari wa kwanza uliomshinda. Watakaorudi na mistari hiyo miwili watakuwa wamekuonyesha fungu lenyewe. Ambao watasema hawana hata mstari mmoja wenye uhakika, wapeleke kwenye somo linalotangulia, kwa jina lake na ukurasa wake, na swali lao lisifungwe mpaka wamerudi.